Naomba ushauri: Utatu Mtakatifu na mafiga matatu

Habari zenu wapendwa. Nafundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu hapa Kondele, Kisumu. Habari za dhambi na wokovu tulivuka salama. Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu (Baba, Mwana na Roho Mtakatifu), ndio umenikwamisha. Jumapili nilichora mafiga matatu yamebeba sufuria moja. Kijana wa miaka 13 akanyoosha mkono: "Mwalimu, si hiyo ni miungu mitatu?" Nikakimbilia maji, barafu na mvuke, kumbe ni lile kosa lililokataliwa zamani la Sabellius, mwalimu aliyesema Baba, Mwana na Roho ni nafsi moja inayobadili sura tu! Najua Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulikiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Lakini "asili" nitaielezaje kwa watoto? Walimu wenzangu, mnatumia mfano gani, ama mnaacha mifano kabisa? Jumapili hii wananingoja.