Samaki wanafika Malindi wamelegea: mchoro nimechora, chanzo sikioni

Mwana_Mkomani: Assalam aleikum nyote. Nanunua samaki kwa wavuvi hapa Amu, yaani Lamu, nawavusha kwa boti hadi Mokowe, kisha gari mpaka Malindi kupitia Garsen. Tangu mwezi uliopita mteja ananirudishia mzigo: macho yamezama, mashavu yamepoteza wekundu. Nilimlaumu dereva hadi tukakosana. Jana nimechora ule mchoro wa mfupa wa samaki, wa kutafutia chanzo cha tatizo: tatizo kichwani, sababu kwenye mifupa. Kichwani nimeandika "barafu haitoshi", kwenye mifupa nikaweka watu, vyombo, njia, hali ya hewa. Sasa nina sababu kumi na saba na zote naziona za kweli. Nianzie wapi? Mtaji unakwisha.

Mhasibu_wa_Pwani: Waaleikum salaam, dada. Tatizo liko kichwani. "Barafu haitoshi" ni jibu, na ukishalitanguliza, kila mfupa utalitetea. Kaoru Ishikawa, Mjapani aliyeueneza mchoro huu miaka ya 1960, kichwani aliweka tokeo lenyewe. Andika "masanduku matatu kati ya kumi yanarudishwa". Hilo linahesabika. Halafu kila mfupa uulize "kwa nini" mara kadhaa. Toyota wamezoea kuuliza mara tano.

Nahodha_Shela: Na mchoro hautoi hukumu, unakuonyesha tu pa kwenda kutazama. Wiki nzima andika kila sanduku: limetoka chombo gani, kimetia nanga saa ngapi.

Bi_Barafu: Kwa joto letu, kilo ya samaki kwa kilo ya barafu. Iponde, mabonge yanaacha nafasi.

Mwana_Mkomani (siku nane baadaye): Nimeandika yote. Yamerudi masanduku manne, na yote manne ni ya mashua mbili zinazoingia baada ya alasiri. Dereva nimempigia kumwomba radhi. Kwa nini wanalegea? Wamekaa juani tangu asubuhi. Kwa nini? Wavuvi hawaendi na barafu. Kwa nini? Wanainunua kwa pesa zao, na mimi kilo nailipa bei ileile, samaki awe amelazwa kwenye barafu au la. Hapo nilikaa kimya nikiitazama karatasi. Katika zile sababu kumi na saba, bei yangu sikuiandika hata mara moja.

Mhasibu_wa_Pwani: Basi shika hapo. Weka bei mbili, au uwape barafu wewe.

Nahodha_Shela: Wape barafu, dada. Bei mbili zitazua ugomvi gatini, kila mmoja atasema wake ni wa daraja la kwanza. Anza na zile mashua mbili, na daftari usiliweke chini.