Naomba ushauri: maziwa ya watoto yamepanda bei

Wanachama wenzangu, naomba ushauri wenu. Ninaishi Nakuru na watoto wawili, mkubwa ana miaka saba na mdogo mitatu. Tangu kiangazi kikaushe malisho, pakiti ya nusu lita dukani kwetu imefika shilingi 65, na bajeti yetu, ambayo tayari imebanwa na unga na mafuta ya kupikia, haimudu tena lita moja kwa siku.

Sisi wakubwa tumehamia chai ya strungi. Nimejaribu mashine ya maziwa ya mtaani, ambayo ina nafuu, lakini nikitoka kazini nakuta yamekwisha. Muuzaji anayepita na baiskeli huleta maziwa mabichi ya bei ya chini zaidi, nami huyachemsha vizuri kwa kuhofia bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumpata mtu kupitia maziwa mabichi. Tatizo ni kwamba mara nyingine hukatika yakiwa bado sufuriani, na hasara inakuwa yangu.

Je, nikimpunguzia mdogo hadi kikombe kimoja kwa siku, omena na sukuma wiki vitatosha kumpa kalisi anayohitaji? Na kuna namna ya kuyapima maziwa mabichi hapo mlangoni, kabla sijalipa?

Natanguliza shukrani.