Mjadala: Ubora wa maisha wa kijana mwenye mgongo wazi, nani aupime na kwa swali gani?

Mtoa mada

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Kijana wa miaka 13 hadi 18 mwenye mgongo wazi (spina bifida, kasoro ya kuzaliwa ya uti wa mgongo inayoweza kudhoofisha miguu, kibofu na choo) anaweza kukabidhiwa dodoso la ubora wa maisha kliniki, na alama inayotoka ikabaki kwenye faili lake, ikaingia kwenye utafiti, hatimaye ikatumika kupima kama upasuaji fulani una faida. Hoja yangu ni kwamba dodoso la jumla, yaani la watoto wa hali zote, likijazwa na mzazi, kisha likabanwa kuwa alama moja, linamwonea huyo kijana.

Chukua PedsQL, dodoso la jumla la ubora wa maisha ya watoto linalotumika sana duniani. Lina maswali 23: ya mwili 8, ya hisia 5, ya wenzake 5, ya shule 5. Kijana anaulizwa, kwa mwezi uliopita, jambo fulani limempa shida kiasi gani, kuanzia 0 (halijawahi) hadi 4 (karibu kila mara). Majibu yanageuzwa: 0 inakuwa 100, 1 inakuwa 75, 2 inakuwa 50, 3 inakuwa 25, na 4 inakuwa 0. Halafu unachukua wastani; alama kubwa ndiyo nzuri.

Sasa mpe msichana wa miaka 15 anayetumia kiti mwendo. Anaoga mwenyewe, mikono ina nguvu, hana maumivu, hachoki ovyo. Kutembea anajaza 4, kukimbia 4, michezo 4. Yale matano mengine ya mwili anajaza 0. Alama yake ya mwili ni 62.5. Lakini akiyaacha wazi hayo matatu kwa kuona hayamhusu, kanuni inaruhusu wastani wa yaliyojibiwa, mradi angalau nusu ya maswali ya eneo hilo yamejibiwa. Anapata 100. Msichana yuleyule, siku ileile! Hata kwenye alama ya jumla, ikiwa mengine yote kajaza 0, ni 87 dhidi ya 100, wakati waandaaji wanahesabu tofauti ya takriban 4.4 kuwa tayari ina maana. Na katika maswali yote 23, hakuna hata moja linalogusa mkojo wala choo.

Mtakwimu

Nakupinga kwa heshima, mtoa mada. Hesabu yako ni sahihi, ila umemhukumu asiye na kosa. Dodoso la jumla lipo ili tuweze kulinganisha. Ukiuliza habari za kibofu na mpira wa mkojo peke yake, hutajua kama huzuni ya vijana hawa imezidi ya wenzao au ni ya umri tu. Tatizo la maswali kurukwa linazuilika: kanuni iandikwe kabla ya karatasi ya kwanza kugawiwa, alama za maeneo manne ziripotiwe kila moja kivyake, na idadi ya maswali yaliyoachwa wazi itajwe. Usibadilishe "kutembea" kuwa "kwenda" kwa huruma. Ukifanya hivyo umetengeneza dodoso jingine, na takwimu za vijana wengine hazikufai tena.

Madodoso mahususi, yaliyotungwa kwa wenye mgongo wazi, nayo yana mapungufu yake. Lile la Parkin na wenzake wa Kanada, la mwaka 1997, lina maswali 44 kwa miaka 5 hadi 12 na 47 kwa miaka 13 hadi 20. Ni mengi kwa kijana aliyekaa foleni tangu asubuhi. QUALAS-T, la miaka 13 hadi 17, lina 10 tu: matano ya familia na kujitegemea, matano ya kibofu na choo. Ufupi huo una gharama. Eneo lenye maswali matano na ngazi tano za majibu, jibu moja likisogea ngazi moja, alama inaruka pointi 5. Kwenye kundi kubwa mruko huo unamezwa na wastani. Kwa mtu mmoja haumezwi. Ndiyo maana uthabiti wa ndani (alfa ya Cronbach, yaani maswali ya eneo moja yanavyokubaliana, 1 ikiwa ya juu kabisa) wa 0.70 unakubalika kulinganisha makundi, ila kumwamulia mtu mmoja unatakiwa ukaribie 0.90.

Muuguzi, kliniki ya mkojo

Mtakwimu, hapo kwenye mtu mmoja nakuunga mkono kabisa. Lakini kabla ya alfa, kuna swali lenyewe.

Madodoso mengi yanauliza: "Umevuja mkojo mara ngapi?" Tazama vijana wawili, wote wanajitoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 3 au 4 mchana. Wa kwanza anavuja matone kila siku, pedi inanyonya, hakuna anayejua. Wa pili anavuja mara mbili tu kwa mwezi, lakini kibofu kinajikaza ghafla na kumwaga chote, suruali inalowa mpaka kwenye kiti, darasa zima likiona. Swali la "mara ngapi" litakwambia wa pili ana nafuu. Uliza kiasi (unyevu, pedi imejaa, au nguo imelowa), uliza ilitokea mbele ya nani, uliza ameacha kufanya nini kwa kuogopa isitokee. Hilo la mwisho ndilo linalotoa majibu mazito: kulala kwa rafiki, safari ya shule, kunywa maji. Ndiyo, wapo wanaoacha kunywa maji ili wabaki wakavu, na mkojo mzito na mchache huwapa maambukizi. Ukiangalia ukavu peke yake utawapongeza.

Mkojo na choo visiwekwe kwenye swali moja. Tiba zake ni tofauti: huku kuna dawa za kutuliza kibofu, ratiba ya mpira, au njia ya Mitrofanoff (tundu dogo la upasuaji tumboni la kupitishia mpira), kule kuna kusafisha utumbo kwa maji. Kijana akijibu "karibu kila mara" kwa swali la "mkojo au choo", huna pa kuanzia.

Jambo la tafsiri pia. Usiandike "kujikojolea". Kwa Kiswahili neno hilo ni la mtoto aliyelowesha kitanda, limebeba lawama. Kijana ataandika 0 ili tu asijitambulishe nalo. Andika "mkojo kuvuja". Tafsiri ifanywe na watu wawili, kila mmoja kivyake, ipatanishwe, irudishwe kwenye lugha ya awali na mtu wa tatu ambaye hajaliona dodoso la awali, halafu vijana waisome kwa sauti na kueleza kila swali wamelielewaje. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayonasa maneno kama hilo.

Mlezi

Mnamsahau mzazi. Yeye ndiye anayejua ratiba, vidonda vya mgandamizo, na siku ambazo kijana alirudi kutoka shuleni akajifungia chumbani. Kijana wa miaka 14 anaweza kuandika "sina shida" kwa sababu amechoka na maswali ya hospitali.

Mwanasaikolojia wa vijana

Mlezi, una hoja, na tafiti nyingi za magonjwa sugu zinaonyesha wazazi hutoa alama za chini kuliko watoto wenyewe. Wanakubaliana zaidi kwenye yanayoonekana, kama kupanda ngazi, na wanaachana kwenye hisia. Dawa yake ni kujaza karatasi mbili, kila mmoja na yake, bila kukaa meza moja, na zisichanganywe kuwa wastani. Pengo lenyewe ni taarifa. Mama akiweka 3 kwenye wasiwasi na kijana 0, hapo pana mazungumzo ya kufanya.

Ila kuna jambo linalofanya kazi ya kumsikiliza kijana iwe ngumu zaidi hapa. Wengi wenye aina kali ya mgongo wazi wana maji kichwani na wamewekewa shanti, mrija wa kuyaondoa maji hayo. Baadhi yao huongea vizuri mno, maneno yanatiririka, kumbe kufikiri kwa haraka, kupanga mambo na kuelewa kisichotamkwa wazi ni kazi. Msimamizi anasikia ufasaha, anamwachia karatasi na kuondoka. Kinachorudi ni mstari mmoja wa majibu yaleyale kuanzia juu hadi chini.

Ninachopendekeza: msomee kwa sauti, swali moja kwa kila ukurasa, kadi ya ngazi tano za majibu ibaki mbele yake muda wote. Anza na maswali mawili ya majaribio ambayo jibu lake unalijua. "Mwezi uliopita" ufungwe kwenye tukio analolikumbuka, mfano tangu shule ilipofunguliwa. Dakika 20 zinatosha; zikizidi, mpumzishe. Na fanya mwanzoni mwa ziara, kabla hajachomwa sindano wala kukaripiwa kwa sababu ya uzito.

Nyongeza moja: alama ikishuka ghafla, hasa ya shule na uchangamfu, usiandike "msongo wa ujana" ukafunga faili. Shanti iliyoziba hujitokeza hivyo kwa baadhi yao, na uti wa mgongo ulionaswa (ulioshikamana na nyama za jirani ukavutwa) huanza kwa maumivu ya mgongo au mkojo kubadilika. Apimwe kwanza.

Mtetezi wa haki

Nimewasoma wote. Mtakwimu anasema tulinganishe, mimi nauliza kwa faida ya nani. Shirika la Afya Duniani linaeleza ubora wa maisha kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kwa malengo na viwango vyake. Swali la kukimbia linampima kwa kiwango cha mtu mwingine. Albrecht na Devlieger waliandika mwaka 1999 kuhusu watu wenye ulemavu mkubwa wanaosema maisha yao ni mazuri wakati watazamaji wanadhani ni mabaya, na wao wenyewe wakaliita jambo hilo kitendawili. Kinakuwa kitendawili pale tu unapoamini mtazamaji ndiye anayejua. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinataka maoni ya mtoto yapewe uzito kwa mambo yanayomhusu.

Halafu namba hizi husafiri. Zinaweza kuwekwa mbele ya wazazi ambao mimba yao imegunduliwa kuwa na mgongo wazi, kama vile 62.5 ni hukumu ya maisha ambayo hayajaanza. Ukiweka njia ya mteremko shuleni na choo chenye mlango unaofungwa, alama hupanda bila mwili kuguswa. Dodoso lisilouliza habari za jengo linamtupia mwili lawama yote.

Mtakwimu

Hilo la jengo nalikubali, na nitalisimamia: maswali machache ya mazingira yawekwe kando, yasichanganywe na alama. Dodoso la jumla bado silitupi. Litumike pamoja na mahususi, kila kijana akilinganishwa kwanza na alama zake za mwaka uliopita.

Muuguzi, kliniki ya mkojo

Kabla hatujaendelea na alama, nani anazisoma? Kijana akijaza 4 kwenye huzuni na 4 kwenye hofu, kisha karatasi ikaingizwa kwenye kompyuta wiki tatu baadaye, tumemwuliza, ametujibu, tukanyamaza. Mimi sitagawa dodoso lolote, la jumla au mahususi, pasipo mtu aliyetajwa kwa cheo atakayelipitia kabla kijana hajatoka mlangoni siku hiyohiyo.