Nyanya zaoza kitako kwenye ndoo, majani hayana kasoro

Paa_la_Umoja: Hamjambo wakulima. Nina miche minane ya nyanya aina ya Cal J kwenye ndoo za lita 20, juu ya paa hapa Umoja, Nairobi. Majani ni ya kijani kibichi, lakini matunda yakifikia ukubwa wa ndimu yanaota doa la majimaji kitakoni, kisha doa linakuwa jeusi, linabonyea na kukauka kama ngozi. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki. Siku hizo najaza ndoo mpaka zifurike, siku nyingine namwagia kikombe tu. Kila wiki naweka kijiko cha mbolea ya CAN. Muuzaji dawa anasema nipige dawa ya ukungu. Nipige?

MizizI_Dagoretti: Usipige. Mara nyingi ukungu ungeonekana pia kwenye majani na mashina. Hapa kalsiamu haifiki kwenye tunda, na kisa ni maji.

Kalsiamu hupanda kutoka mizizini ikibebwa na maji yanayovutwa na majani. Jani lina vitundu vingi mno vya kutolea mvuke. Ngozi ya nyanya haina hata kimoja. Jua likiwaka, majani yanavuta karibu maji yote, na kitako cha tunda, kilicho mbali zaidi na kikonyo, kinakosa kwanza. Kalsiamu ikishatua kwenye jani haihami tena, ndiyo maana kupulizia majani hakusaidii tunda. Seli zinazokua bila kalsiamu huvuja, na huko kuvuja ndiko lile doa la majimaji.

Usiku vitundu hufunga lakini mizizi huendelea kusukuma maji, na hapo tunda hupata fungu lake. Angalia alfajiri: matone yaliyojipanga kwenye ncha za jani ni maji yaliyosukumwa kutoka chini. Udongo ukikauka jioni, msukumo huo haupo.

Kwa hiyo weka akiba kwenye mitungi. Mche wenye matunda, wakati wa jua la Januari, waweza kunywa lita 2 hadi 3 kwa siku. Gawa asubuhi na jioni, umwagie udongo, si majani. Funika juu kwa nyasi kavu, unene wa sentimita 5. Kama ndoo ni nyeusi, izungushie gunia, maana mizizi inapikika.

Samadi_Ruai: Naongezea kuhusu CAN. Kweli ina kalsiamu, lakini karibu nusu ya naitrojeni yake ni ya amonia, ambayo hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi. Tena inaongeza majani, na majani ndiyo yanayolinyang'anya tunda. Isimamishe. Na kufurisha ndoo ni kosa lilelile kwa upande wa pili: hewa ikitoka udongoni mzizi unashindwa kufanya kazi. Hakikisha matundu ya chini hayajaziba.

Paa_la_Umoja: Asanteni sana. Maganda ya mayai je? Na matunda yaliyokwisha kuharibika?

MizizI_Dagoretti: Maganda huyeyuka polepole mno; yasage unga, uchanganye na udongo wa msimu ujao. Matunda yenye doa yachume sasa, hayatapona na yanakula nguvu ya mengine. Hatari iko zaidi wiki mbili za kwanza baada ya ua kushika, kwa hiyo pima mafanikio kwa matunda yatakayoshika kuanzia leo. Msimu ujao jaribu aina ya mviringo mdogo. Hizi ndefu kama Cal J huathirika zaidi.