Pampu ipi ifaayo nyumba ya wanafunzi sita, Tunguu?

Swali: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Pampu iliyokuwa ikipandisha maji kutoka kisimani hadi tangi la juu imeungua, na mwenye nyumba ataka tumchagulie nyengine. Je, tutafute yenye nguvu zaidi?

Jibu: Waalaikumu salamu. Pimeni kwanza, kwa sababu pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti vyema maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 au 8, hata iwe na nguvu kiasi gani. Yakizidi hapo, nunueni ya kuzamisha.

Jibu: Mwanangu, yetu ilizunguka kavu usiku kucha hadi mpira wa shafti ukayeyuka. Wekeni swichi ya boya kisimani, itakayoizima maji yakipungua.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kamba imeonyesha mita 5, hivyo tutachukua ya nguvu ileile, pamoja na swichi.