Vitundu vya hewa kwenye vyungu vya zege: vinaondolewaje?

Swali
Habari za kazi, mafundi. Ninatengeneza vyungu vya maua vya zege kwa kalibu za plastiki. Kuta zake zina unene wa sentimita 3, mdomo ni mpana na kitako ni chembamba. Kila nifunguapo kalibu, uso wa nje huwa umejaa vitundu, ilhali ndani ni laini. Kalibu naiweka mdomo ukiwa chini, naipaka mafuta, namimina zege lote kwa mkupuo, kisha nagonga ubavuni. Je, niongeze maji?

Jibu la 1
Ndugu yangu, maji usiongeze, kwa kuwa yale yasiyotumiwa na saruji huacha vinyweleo yanapokauka na kulidhoofisha zege. Kwa mfuko wa kilo 50 baki kwenye lita 22 hadi 25, ukihesabu pia unyevu uliomo mchangani. Tumia chenga za kokoto zisizozidi milimita 6. Mimina polepole kwa tabaka za sentimita 5, ushindilie kila tabaka kwa ufito wa chuma unaogusa kidogo tabaka la chini yake, ndipo ugonge kwa nyundo ya mpira hadi mapovu makubwa yaache kupanda. Ukizidisha hapo, kokoto zitazama na maji yatapanda juu.

Jibu la 2
Mafuta nayo yawe utando tu. Yakizidi, mapovu hunata kwenye kalibu, kwa hiyo yafute kwa kitambaa kikavu kabla ya kumimina.

Jibu la 3
Hayo yote ni kweli, lakini naona chanzo kikubwa ni mkao wa kalibu. Mdomo ukiwa chini, ukuta wa nje wa kalibu huinamia ndani kadiri unavyopanda, na povu linalopanda hunaswa chini ya mwinamo huo. Geuza mdomo uwe juu: mapovu yataachana na uso wa nje, na yatakayonaswa yatabaki upande wa ndani, ambao utafunikwa na udongo.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nikigeuza, kalibu ya ndani haitainuliwa na zege?

Jibu la 3
Itainuliwa usipoizuia. Mimina kitako kwanza, ishushe kalibu ya ndani, ikaze kwa ubao uliofungwa kwenye kalibu ya nje, kisha ujaze kuta ukizunguka pande zote kwa usawa ili isisukumwe upande mmoja.