Chemsha bongo za wanyama: zinawajenga watoto au zinawajaza uongo?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, chemsha bongo za shuleni zimejaa maswali kama haya: shingo ya twiga ina pingili ngapi, pweza ana mioyo mingapi, mbuni akiogopa anaficha wapi kichwa. Majibu ya mawili ya kwanza ni ya kweli: saba, na mitatu. La tatu ni uongo mtupu. Mbuni hutagia kwenye shimo la ardhini, na akiinama kugeuza mayai kwa mdomo, aliye mbali hudhani kichwa kimezama mchangani. Mtoto anapewa alama kwa yote matatu! Nasema yafutwe. Hayana kazi, na ni ndugu wa yale ya wazee kwamba kinyonga ana sumu na bundi analeta msiba.

Mtegapanya
Hayana kazi kwa nani? Shingo ya karibu mita mbili, pingili saba kama zako, ila kila moja inazidi sentimita 25. Mtoto akishangaa hapo, ameshaelewa kwamba mifupa ya mamalia inafuata mpango mmoja. Na bundi mfundishe kwa vitendo: vaa glavu, okota madonge makavu anayotapika chini ya mti anapolala, loweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yalainike, chambua kwa sindano mbili, hesabu mafuvu ya panya. Darasa likishayaona mafuvu hayo, nani atampiga bundi mawe?

Mjukuu wa Mganga
Mwalimu, wazee umewataja kwa dharau. Wazee hao wana jiwe la nyoka. Mtu kagongwa, jiwe linang'ang'ania jeraha, likishiba linaanguka lenyewe, ukilichemsha kwenye maziwa povu linatoka. Vitabu vyako vinaelezaje hilo?

Kipimo Sahihi
Vinaeleza vizuri sana. Jiwe hilo ni kipande cha mfupa wa ng'ombe, kimesuguliwa kwa msasa na kuchomwa kwenye makaa bila hewa nyingi mpaka kikawa cheusi. Kina vitundu vidogo, vinafyonza unyevu, ndiyo maana kinanata hata kwenye ulimi. Kikilowa damu, kinaachia. Povu ni hewa inayotoka kwenye vitundu. Sumu yenyewe nyoka ameipitisha chini ya ngozi kwa meno, nayo inasafiri na majimaji ya mwili. Kipande cha mfupa juu ya ngozi hakiifikii.

Mjukuu wa Mganga
Na waliopona?

Kipimo Sahihi
Wengi waligongwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu ambaye hakuitoa. Hao wangepona hata kwa kipande cha muhogo.

Pwani Moja
Hiyo ya muhogo ni kejeli, mkuu. Mtu aliye mbali na hospitali afanye nini? Afunge kamba akae?

Kipimo Sahihi
Nimekukosea, ndugu yangu, nisamehe. Ila kamba hapana. Inakata damu na kiungo kinaoza. Vua pete, saa na viatu kabla uvimbe haujaja. Mlaze, asitembee, kiungo kifungwe gango kana kwamba kimevunjika. Usichanje, usinyonye. Kama ni koboko, ambaye sumu yake hulemaza misuli ya kupumua, zungusha bandeji pana inayovutika kiungo kizima, kisha gango. Kama ni kifutu, bandeji ya kubana acha, kwa sababu sumu yake inaharibu nyama palepale na uvimbe unahitaji nafasi.

Mtegapanya
Kifutu gani? Kwetu huyo ni moma.

Pwani Moja
Wengine humwita bafe. Nesi akiandika jina asilolijua itakuwaje?

Kipimo Sahihi
Mweleze umbo: mnene, mfupi, mistari ya V mgongoni, hakimbii. Msimfukuze ili mumpeleke hospitali, mtaongeza mgonjwa wa pili. Na swila akitema machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 hadi 20, usisugue.

Mwalimu wa Zamu
Jamani, mada ilikuwa chemsha bongo.

Mjukuu wa Mganga
Mada uliiua mwenyewe ulipowagusa wazee. Hilo la kamba nimelisikia, na nitalifikisha nyumbani. Ila niambieni jambo moja: mtoto mdogo akigongwa, antivenomu, yaani dawa ya sumu ya nyoka, apewe nusu ya kiasi cha mtu mzima?

Kipimo Sahihi
Hapana, apewe kiasi kilekile. Dawa inapimwa kwa sumu iliyoingia, na nyoka hapunguzi sumu kwa sababu aliyegongwa ni mdogo. Itolewe kwa mshipa, hospitalini, sindano ya adrenalini ikiwa tayari pembeni, maana mwili unaweza kuikataa antivenomu ghafla.

Mtegapanya
Mwalimu, swali hilo litie kwenye chemsha bongo.